Kanali Podhajsky na Farasi Weupe

Hapa Dzaleka hatuna farasi, na hata nilipokuwa nikikaa Lilongwe sikupata kumpanda hata mmoja. Lakini mwaka 2023, sisi wakimbizi tuliokuwa mjini tulipoamriwa kurudi kambini, nilikata tamaa ya masomo. Ndipo mwalimu wangu aliponisimulia habari za mtu huyu, nami nawasimulieni kwa kifupi.

Alois Podhajsky alizaliwa mwaka 1898 huko Mostar, katika dola ya Austria na Hungaria ya wakati ule. Alikuwa askari wa farasi, akapenda sana elimu ya kumfunza farasi mwendo wa madaha. Kazi hii haitaki haraka wala mabavu. Farasi hufunzwa pole pole kwa miaka mingi, mpaka aweze kupiga hatua kwa mdundo papo hapo alipo, au kusimama kwa miguu ya nyuma, kwa ishara ndogo tu ambayo watazamaji hawaioni. Mwaka 1936, katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin, Podhajsky na farasi wake Nero walipata medali ya shaba.

Mwaka 1939 alifanywa mkuu wa Shule ya Kihispania ya Kupanda Farasi mjini Vienna, iliyoanza karne ya 16. Farasi wake ni madume yaitwayo Lipizzaner. Wengi huzaliwa weusi, kisha hugeuka weupe wakikua. Mapema mwaka 1945, mabomu yalipozidi, Kanali aliwahamisha kwa gari moshi mpaka kijiji cha St. Martin. Huko chakula kilikuwa haba, na wenye njaa waliwatamani farasi kwa nyama.

Tarehe 7 Mei 1945 Kanali aliwachezesha mbele ya Jenerali Patton wa Marekani, akamwomba awalinde. Patton, ambaye naye alishindana Olimpiki mwaka 1912, alikubali.

Hata hivyo hawakurudi kwao upesi. Shule ilikaa ugenini, zaidi mjini Wels, mpaka mwaka 1955. Miaka kumi! Lakini mafunzo hayakukoma. Mwaka 1948 Kanali alishindana tena Olimpiki, London, na mwaka 1950 farasi wakaonyeshwa Marekani. Aliongoza shule mpaka mwaka 1964, akafa Vienna mwaka 1973.

Nilipokwisha kusikia hayo nilimwambia mwalimu kwamba Kanali alipata Jenerali wa kumsaidia, bali sisi hatuna. Hakunibishia. Alinikumbusha tu kwamba siku Jenerali alipofika, farasi walikuwa tayari; kama wangalisahau mafunzo yao, asingaliona kitu cha kulinda.

Kesho yake nilirudi darasani. Siku yangu ya kuondoka hapa siijui, nanyi hamwijui yenu. Basi wenzangu, tusiingoje ifike ndipo tuanze kujifunza.