Emin Pasha: gavana aliyeacha daftari la ndege

Kila mwaka kuanzia Septemba, anga la Rugerero hupata wageni. Mbayuwayu waliozaliwa Ulaya hushuka juu ya mashamba ya kando ya mto Sebeya, hukamata wadudu, huvuka kwenda upande wa Goma na kurudi bila kupanga foleni. Wapenzi wa kutazama ndege, wenye darubini na daftari, huandika walichokiona, mahali na tarehe. Ifikapo Aprili wengi wa wageni hao huwa wameanza safari ya kurudi kaskazini.

Kazi hiyo ya kuandika mahali na tarehe ilikuwa na mtu wake mkubwa katika ukanda huu miaka zaidi ya 130 iliyopita. Alikuwa daktari, gavana na mkusanyaji wa ndege. Alivuka mipaka maisha yake yote, akabadili jina na bendera, akafa na jina lisilo la wazazi wake. Historia inamfahamu kama Emin Pasha.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 mjini Oppeln, jimbo la Silesia, wakati ule ikiwa Prussia na leo ikiwa Poland. Wazazi wake, Wayahudi, walimwita Isaak Eduard Schnitzer. Baba alikuwa mfanyabiashara na alifariki mapema. Mama akaolewa tena, mtoto akabatizwa Mkristo. Alisomea udaktari Breslau, Königsberg na Berlin, akamaliza mwaka 1864, lakini hakupata ruhusa ya kutibu watu kwao. Akaondoka.

Alipata kibarua katika dola ya Ottoman, bandari ya Antivari, ambayo leo ni mji wa Bar nchini Montenegro. Alikuwa daktari wa karantini, kazi ya kuamua nani avuke na nani asubiri. Yeyote aliyepimwa joto kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi wakati wa Ebola anaijua kazi hiyo na lawama zake.

Kutoka hapo njia yake ilifanana na ya ndege. Korongo weupe wanaozaliwa Silesia huondoka mwezi Agosti. Hawakati bahari ya Mediterania katikati, kwa sababu huruka kwa kubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu. Huzunguka kupitia Bosphorus, Sinai na bonde la Nile hadi Afrika Mashariki, na wengine huendelea hadi kusini mwa bara. Schnitzer naye alipita nchi za Ottoman, akafika Misri, akapanda Nile, na mwishoni mwa 1875 alikuwa Khartoum. Huko alijulikana kwa jina la Emin.

Mwaka 1876 Charles Gordon, gavana wa Equatoria kwa niaba ya Misri, alimchukua kuwa daktari wa jimbo. Eneo hilo leo ni kusini mwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Gordon alimtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na baadaye kwa Mukama Kabalega wa Bunyoro. Alifaa kwa ujumbe kwa sababu alijifunza lugha haraka na alikuwa mpole wa maneno. Mwaka 1878 akapewa jimbo lote, akiwa na makao yake Lado, kando ya Nile.

Mchana alikuwa gavana: kodi, pembe za ndovu, askari, wagonjwa. Saa zilizobaki zilikuwa za ndege. Ndege aliyewindwa alichunwa ngozi kwa uangalifu, akajazwa pamba ili umbo lisipotee, na mguuni akafungiwa kikaratasi chenye mahali, tarehe na maelezo mengine. Ngozi isiyo na kikaratasi haikuwa na thamani kwa wataalamu, sawa na mzigo uliofika forodhani bila hati. Emin alijulikana kwa kuandika hati zake vizuri kuliko wengi wa wakati wake.

Masanduku yalisafiri miezi mingi hadi kwa Gustav Hartlaub, mtaalamu wa ndege mjini Bremen. Mengine yalikwenda London na Vienna. Mwaka 1880 Hartlaub alimpa shomoro mmoja mdogo wa rangi ya hudhurungi jina la kitaalamu la Passer eminibey, yaani shomoro wa Emin Bey. Anaishi hadi leo Sudan Kusini, Uganda, Kenya na Tanzania, na dume wake ana tabia ya kunyakua viota vya kwera. Miaka miwili baadaye Hartlaub alimwita ndege mwingine, mwenye mdomo wa ndoano, Lanius gubernator. Neno la pili lina maana ya gavana.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu alikuwa karibu haoni. Alivaa miwani mizito na alisogeza kitabu hadi karibu na pua. Ndege aliyewaandika aliwaona mkononi zaidi kuliko angani. Macho ya mbali yalikuwa ya wawindaji na wasaidizi wake Waafrika, na majina yao hayakuingia katika majina ya ndege hao.

Mwaka 1881 vita vya Mahdi vilianza Sudan. Khartoum ilipoanguka Januari 1885, Equatoria ilikatiwa njia ya kaskazini. Emin alirudi nyuma hadi Wadelai, ambako leo ni Uganda. Watu wake walilima pamba, wakasuka nguo zao wenyewe. Bidhaa chache na barua zilipita kusini, kupitia Bunyoro na Buganda, mikononi mwa wafanyabiashara waliothubutu safari hiyo. Kwa njia ya ziwa Victoria hata sanduku la ndege lilifika London wakati jimbo lenyewe limezingirwa.

Ulaya ikachanga fedha za kumwokoa. Henry Morton Stanley aliingia kupitia mto Kongo mwaka 1887, akakutana naye ziwa Albert Aprili 1888. Wengi wa watu waliotoka Zanzibar na Stanley walikufa njiani kwa njaa, magonjwa na mapigano. Emin mwenyewe hakuwa na hakika kama anataka kuokolewa. Mwezi Agosti askari wake wakaasi, wakamfunga Dufile. Alipoachiwa hakuwa na jimbo tena. Aprili 1889 msafara ulianza kwenda pwani, na njiani, mbele ya Stanley asiye na subira, aliendelea kukusanya ndege.

Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huo, katika karamu ya kuwapongeza, Emin alianguka kutoka ghorofani na kuvunjika fuvu. Macho yake yalikuwa yamemsaliti. Alilala hospitalini wiki nyingi. Alipopona hakurudi Ulaya. Aliingia kazi ya Ujerumani, akarudi bara Aprili 1890, na mwishoni mwa mwaka huo akaanzisha kituo cha Bukoba, mji ambao leo wafanyabiashara wa Tanzania na Uganda wanaujua vizuri.

Hapo kuna deni lake. Bendera aliyoipeleka ziwani ilikuwa ya ukoloni ambao baadaye ulifika hadi Gisenyi. Mwaka 1891, akiwa na Franz Stuhlmann, alipita Karagwe hadi kusini mwa ziwa Edward, kaskazini ya volkano za Virunga, akaelekea tena ziwa Albert. Watu wake wa zamani wa Equatoria wengi walikataa kumfuata. Ndui ikaingia msafarani na kuua wapagazi. Akamtuma Stuhlmann arudi na waliokuwa wazima, yeye akabaki na wagonjwa.

Baadaye alielekea magharibi, ndani ya msitu wa Kongo, katika eneo la wafanyabiashara wa pembe na watumwa aliokuwa amewapinga kwa muda mrefu. Oktoba 1892 alikuwa kijiji cha Kinena. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye na waliohusika, watu wake walidanganywa waende mashambani kuchukua ndizi, na yeye akabaki barazani, mbele ya meza yenye vitabu na vielelezo vyake, wakiwemo ndege. Walimshika akiwa kitini, wakamuua. Alikuwa na umri wa miaka 52. Binti yake Ferida, aliyezaliwa na mama Mhabeshi, alilelewa Ujerumani.

Jimbo alilotawala liliondoka mikononi mwa Misri. Bendera ya Bukoba ilishushwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Pembe za ndovu alizokusanya hazikumfaa mtu. Ngozi za ndege ziko katika makumbusho ya Ulaya, na vikaratasi vyake bado vinasomwa na wanaotaka kujua ndege gani aliishi wapi kabla ya misitu kukatwa na miji kukua. Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa Emin mali ilipotea yote, daftari likabaki.

Njia zake zinapita leo katika nchi nne za Jumuiya ya Afrika Mashariki: Sudan Kusini, Uganda, Tanzania na Kongo. Rwanda hakuikanyaga. Lakini anayesimama Rugerero mwezi Oktoba na kuandika kwamba mbayuwayu wamefika, ameandika aina ileile ya hati. Safari hii macho ni yake mwenyewe, na jina lililo juu ya daftari pia.