Daktari Daniel Hale Williams na siku 51 za kupona

Mama au mlezi, kama mgonjwa wako amefanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam na sasa amerudi nyumbani Jipe, maisha ya daktari huyu yanakuhusu.

Daniel Hale Williams alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1856. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto, akapelekwa kujifunza ushonaji wa viatu, kisha akawa kinyozi. Mwaka 1883 alihitimu udaktari mjini Chicago. Siku hizo wasichana weusi walikataliwa kwenye vyuo vya uuguzi kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 1891 yeye na wenzake wakafungua Hospitali ya Provident, ikiwa na chuo chake cha wauguzi.

Julai 1893 aliletewa kijana aliyechomwa kisu kifuani. Williams alimfungua kifua, akashona utando unaozunguka moyo. Hapakuwa na eksirei, damu ya kuongezwa wala antibiotiki. Alitegemea usafi, na alikuwa mkali sana kwa hilo. Wiki tatu baadaye majimaji yalijaa kifuani, akayatoa. Siku ya 51 kijana alitoka hospitali, na akaishi zaidi ya miaka 20.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa siku moja. Siku nyingine zote zilihitaji uuguzi, na kazi hiyo sasa ni yako. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mshono. Usipake majani, majivu wala mafuta, hata jirani akisisitiza. Dawa asiache bila daktari kusema.

Tangu Williams alipofariki mwaka 1931, madaktari wamejifunza kwamba kulala kitandani muda mrefu huchelewesha kupona. Basi mgonjwa atembee kidogo kidogo kila siku, mahali tambarare. Kupanda milima ya Upare kusubiri ruhusa ya daktari. Akikohoa, akumbatie mto kifuani. Kama mfupa wa kifua ulikatwa, huchukua miezi 2 hadi 3 kuunga, kwa hiyo asibebe ndoo wala kuni. Akiwa ni mtoto, usimnyanyue kwa kumshika makwapa. Mwinue kwa mkono mmoja mgongoni na mwingine makalioni.

Ukiona homa, usaha kwenye mshono, kuhema kwa shida au miguu kuvimba, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.