Sheikh Abdulla Saleh Farsy: Kadhi Aliyeiandika Sheria ya Ndoa kwa Kiswahili

Wengi wetu tunamfahamu marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy kupitia Qurani Takatifu, tafsiri yake kamili ya Kiswahili iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969.  Upande usiotajwa sana ni ule wa kadhi, mwamuzi wa kesi za ndoa, talaka na mirathi.

Sheikh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Hakuanzia mahakamani, alikuwa mwalimu tangu miaka ya 1930, na aliteuliwa kuwa kadhi mwaka 1960. Ualimu huo haukumtoka. Mwaka 1956 alikuwa ametoa Ada za Harusi katika Unguja, na mwaka 1965 akatoa Ndoa, Talaka na Maamrisho Yake. Kitabu cha kwanza kinahusu mila, cha pili kinahusu sheria. Na mbele ya kadhi mambo haya mawili hukutana kila siku. Zawadi za harusi hufuata desturi ya mji, ilhali mahari ni haki ya mke mwenyewe, wala si ya baba yake.

Umuhimu wa kazi hiyo ni upi? Vitabu vikuu vya fikihi ya Kishafii viliandikwa kwa Kiarabu. Mwanamke aliyepewa talaka, asiyeijua lugha hiyo, alilazimika kumtegemea mtu mwingine amweleze muda wa eda yake, matunzo anayostahili, au iwapo mumewe angali na nafasi ya kumrejea. Kuyaandika maamrisho hayo kwa Kiswahili kulimwezesha kuzijua haki zake kabla ya kufika barazani.

Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Kenya kupitisha Sheria ya Mahakama za Kadhi, Sheikh Farsy alishika wadhifa wa Kadhi Mkuu wa Kenya, akimfuata Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, naye pia mwandishi wa Kiswahili. Alifariki Oman mwaka 1982.

Basi sisi wanafunzi wa Kiswahili tusiishie kwenye tafsiri yake. Istilahi za talaka rejea, eda na fasikhi ni sehemu ya lugha tunayoisomea, na kuna watu ambao haki yao hutegemea kueleweka kwake.