Saad bin Abi Waqqas: Mkono uliojua lini uachie mshale

Ndugu zangu Waislamu, hivi karibuni nilitoka katika kikao cha msikiti mmoja, ambao sitautaja jina, nikiwa nimeshinda hoja na kupoteza ndugu. Ubishi ulikuwa juu ya uongozi na hesabu za michango. Nililolisema lilikuwa kweli, lakini nililisema kwa hasira, mbele ya watu, kwa nia ya kumuumiza niliyekuwa nabishana naye. Maji yakimwagika hayazoleki. Usiku ule sikupata usingizi, na aliyenijia akilini ni sahaba ambaye watoto wetu madrasa humjua kwa jambo moja tu: kwamba ndiye Muislamu wa kwanza kurusha mshale katika njia ya Allah. Mimi pia nilikuwa namjua hivyo hivyo tu. Leo naomba tumtazame tangu mwanzo hadi mwisho, maana funzo lake kubwa liko mwishoni, mahali ambapo wengi wetu hatufiki.

Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alikuwa Mkureish wa ukoo wa Banu Zuhra, ukoo wa Bibi Amina, mama yake Mtume (s.a.w.). Kwa ajili hiyo Mtume alikuwa akimwita mjomba, na akijivunia ujomba huo mbele ya watu. Kazi yake katika mji wa Makka ilikuwa kuchonga mishale. Alisilimu akiwa kijana wa miaka 17 hivi, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa. Tuzingatie hapo: hakuwa mzee wa heshima wala tajiri wa msafara. Alikuwa kijana fundi, mwenye kisu na vijiti vyake.

Mtihani wake wa kwanza haukutoka kwa Abu Jahal, bali ndani ya nyumba yake. Mama yake, Hamna, aliapa kwamba hatakula wala kunywa mpaka mwanawe aiache dini mpya. Siku zikapita, mama akadhoofu. Saad alimpenda mno mama huyo, lakini alimweleza kwa upole kwamba hata angekuwa na roho mia na zikamtoka moja baada ya moja, yeye asingeiacha dini yake. Mama alipoona kijana hatikisiki, akala. Wafasiri wanasema aya zinazotuamuru tusiwatii wazazi katika shirki, lakini tukae nao kwa wema hapa duniani, zilishuka kwa sababu yake. Basi ujana ule ulikuwa na mambo mawili kwa pamoja: msimamo na adabu. Sisi mara nyingi tukipata la kwanza, la pili tunalitupa.

Sasa nije kwenye upinde. Upinde wa Hijazi wa zama zile ulikuwa wa mti mtupu, na mti uliosifiwa kuliko yote ni ule Waarabu wanaouita nab', unaoota milimani. Mtu asiyejua hudhani kupiga upinde ni nguvu za mabega. Waislamu wa karne zilizofuata waliandika vitabu vizima juu ya fani hii, akiwemo Taybugha wa zama za Mamluki katika karne ya 14, na mtungaji mmoja wa Morocco wa karibu mwaka 1500. Ukiwasoma unaona kwamba sehemu kubwa ya maelezo yao ni juu ya vidole.

Waingereza, kwa upinde wao mrefu, waliivuta kamba kwa vidole viwili au vitatu, vile vinavyofuata kidole gumba. Walimu wetu hao walifundisha njia nyingine. Kidole gumba kinaizunguka kamba chini ya mkia wa mshale, kidole cha shahada kinakaa juu ya gumba na kulibana, na vidole vitatu vilivyobaki vinakunjwa kwenye kiganja. Waarabu waliokuwa wakihesabu kwa vidole waliuita mkunjo huo sitini na tatu, kwa kuwa ndivyo mkono unavyoonekana ukihesabu idadi hiyo. Gumba huvishwa pete ya ngozi, pembe au madini ili kamba isilikate. Mkono wa pili unaushika upinde bila kuukaba, na kifundo kikipinda vibaya kamba inauchapa mkono wenyewe.

Lakini kushika, kuvuta na kulenga vyote hufundishika upesi kuliko jambo la mwisho, nalo ni kuachia. Mwanafunzi akiwa na pupa huinyakua kamba, mkono ukatikisika, na mshale ukaenda upande. Akisitasita, nguvu zinamwishia na shabaha inapotea. Kinachotakiwa ni kidole cha shahada na gumba vifunguke pamoja, kwa utulivu, wakati mkono wa upinde umetulia tuli. Na mshale ukishatoka, hakuna tena la kufanya.

Tukijua hivyo, tutaelewa vizuri zaidi alichokifanya Saad. Katika mwaka wa kwanza wa Hijria (623), Mtume alimtuma Ubayda bin al-Harith na kikosi kidogo cha Muhajirina kuelekea Rabigh. Walikutana na kundi la Makuraish kubwa kuliko wao. Hapakuwa na vita vya mapanga siku ile, ila Saad alirusha mshale, nao ukawa wa kwanza katika Uislamu.

Huko Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), safu zilipovunjika na watu wakatawanyika, Saad alibaki karibu na Mtume akipiga mishale. Mtume mwenyewe akawa anampa mishale huku akimwambia kwamba anawatoa fidia baba yake na mama yake kwa ajili yake, heshima ambayo masahaba waliihesabu kuwa kubwa mno. Imepokewa pia kwamba mshale mmoja haukuwa na chembe, ni kijiti tu, lakini aliupiga, ukampata adui ubavuni akaanguka. Na Mtume alimuombea mambo mawili: Allah ainyooshe shabaha yake na aijibu dua yake. Tangu hapo watu wakawa wanaiogopa dua ya Saad kama walivyouogopa mshale wake.

Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria (632), aliugua Makka akadhani anakufa. Akataka kutoa sadaka theluthi mbili za mali yake, kwani mrithi wake alikuwa binti mmoja tu. Mtume akamkataza, akamkatalia pia nusu, akamruhusu theluthi, na hiyo nayo akasema ni nyingi, kwani ni bora kuwaacha warithi na uwezo kuliko kuwaacha wakiomba watu. Kila wasia wa Muislamu unaoandikwa leo mijini kwetu unafuata kipimo kilichotoka kitandani pa mgonjwa yule. Naye hakufa. Aliishi miaka 45 zaidi.

Katika miaka hiyo Sayyidna Umar (r.a.) alimpa jeshi la Iraq. Huko Qadisiyya, mwaka 636 kwa hesabu ya wanahistoria wengi, maradhi yalimzuia hata kukaa juu ya farasi, akaongoza vita akiwa amelala kifudifudi juu ya jengo, akituma maagizo chini. Jeshi la Wafursi likashindwa, Madain ikafunguliwa, na mwaka wa 17 Hijria (638) akauanzisha mji wa Kufa.

Ndipo yakaja majungu. Watu wa Kufa walimshitaki kwa Khalifa mambo mengi, hata wakasema hajui kuswalisha! Mtu aliyeswali nyuma ya Mtume tangu ujana wake. Saad alieleza kwamba anarefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho, kama alivyomuona Mtume akifanya. Umar aliridhika na jibu hilo, akatuma watu wapite msikiti kwa msikiti kuuliza. Karibu wote walimsifu. Hata hivyo alimuondoa kazini ili fitna itulie, na Saad akaondoka bila kugombania kiti. Umar alipopigwa jambia mwaka wa 23 Hijria (644), alimtaja katika watu sita wa kumchagua Khalifa, na akaweka wazi kwamba hakumuondoa kwa udhaifu wala khiyana.

Sasa tufike mwisho, mahali nilipoahidi. Baada ya Sayyidna Uthman (r.a.) kuuawa mwaka 656, Waislamu walipoanza kunyoosheana silaha, kila upande ungefurahi kuwa na mpiga mishale wa Uhud. Saad akakataa. Alisema hatapigana mpaka apewe upanga wenye macho na ulimi, utakaomjulisha yupi muumini na yupi kafiri. Akajitenga na mifugo yake. Mwanawe Umar alimfuata huko, akamlaumu kwamba anachunga ngamia na kondoo wakati watu wanagombania utawala. Saad akampiga kifuani, akamnyamazisha, na kumkumbusha kwamba Allah anampenda mja mcha Mungu, aliyetosheka, asiyejulikana. Mtoto hakulishika somo. Ndiye aliyeongoza jeshi lililomuua Hussein (r.a.) huko Karbala mwaka wa 61 Hijria (680).

Saad alifariki al-Aqiq, nje ya Madina, mwaka wa 55 Hijria (675 hivi), wa mwisho kufa katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Aliusia akafiniwe katika juba lake kuukuu la sufi alilolivaa Badr. Akabebwa mabegani hadi Madina, akazikwa Baqii.

Wapo watakaosema kwamba kunyamaza ni woga. Hoja hiyo naiheshimu, maana dhulma na wizi wa amana havinyamaziwi. Lakini nani atamwita Saad mwoga? Aliachia mshale wa kwanza palipokuwa na adui, na akaizuia kamba palipokuwa na ndugu. Mkono ni ule ule. Sisi tunaanza kwa kuachia, kisha ndiyo tunauliza aliyepigwa ni nani. Tunarushiana vipeperushi, tunafungiana milango ya misikiti, tunapelekana mahakamani, halafu tunashangaa vijana wetu wakikaa barazani.

Ijumaa iliyofuata nilimtafuta yule ndugu baada ya swala nikamuomba radhi kwa namna nilivyosema. Suala la hesabu bado tunalijadili, na Inshaallah tutalijadili mpaka haki ipatikane. Ila safari hii nauangalia kwanza mkono wangu.

Wabillahi tawfiq.