Ahmed bin Ibrahim mbele ya Kabaka

Ahmed bin Ibrahim hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mfanyabiashara Mwarabu aliyetoka pwani, akapita Unyanyembe na Karagwe, na mwaka 1844 akafika Buganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria ukitokea Mwanza. Inasimuliwa kwamba Kabaka Suna II aliamuru watu wauawe, na baraza zima likanyamaza. Ahmed, mgeni asiye na jeshi, akasimama. Akamwambia kuwa aliyewaumba watu wale ndiye aliyempa yeye ufalme, na kuwaua bure ni dhambi. Hapo biashara yote ingeweza kupotea, na shingo pia. Suna alibisha, kisha akataka kumjua huyo Mungu, akasomeshwa sura za Qur'ani. Mwanawe, Mutesa I, akaja kufunga Ramadhani miaka kadhaa.