Profesa Bose: aligoma kupokea mshahara, akapiga kengele bila waya

Wadau, mcheki Jagadish Chandra Bose wa India. Mwaka 1885 alianza kufundisha fizikia Presidency College, Kolkata. Kumbe mshahara wake mdogo kuliko wa walimu wazungu! Jamaa akagoma kuupokea ila akaendelea kufundisha, miaka 3, mpaka wakamlipa wote kwa mkupuo.

Maabara ya maana hakuna, vifaa aliunda na fundi bati wa mtaani. Mwaka 1895, mbele ya umati, mawimbi yake ya redio yalipenya kuta, yakapiga kengele na kulipua baruti. Mengine yalikuwa mafupi ajabu, kama milimita 5, akayapindisha kama mwanga. Leo mawimbi ya milimita yanabeba baadhi ya mitandao ya 5G.

Alifariki 1937. We ungekomaa miaka 3 bila mshahara?