Wang Xizhi

Wang Xizhi (takriban 303 - 361) alikuwa ofisa na msanii wa mwandiko nchini China wakati wa nasaba ya Jin ya Mashariki. Wachina humwita Mtakatifu wa Mwandiko. Sehemu kubwa ya sifa hiyo inatokana na barua fupi alizowaandikia ndugu na marafiki, ingawa leo hakuna hata moja iliyobaki kwa mkono wake mwenyewe.

Maisha

Alizaliwa katika ukoo mkubwa wa Langya (leo mkoa wa Shandong). Alipokuwa mtoto, nasaba ya Jin ilipoteza China ya kaskazini, na ukoo wake ukahamia kusini kwa mto Yangtze. Inasimuliwa kwamba alifundishwa kuandika na Bibi Wei Shuo. Alipewa cheo cha jenerali, kisha akatawala Kuaiji (leo Shaoxing). Huko, mwaka 353, aliwaalika marafiki kutunga mashairi mahali paitwapo Lanting. Dibaji ya mashairi hayo ndiyo kazi yake mashuhuri kuliko zote. Alijiuzulu mwaka 355. Mwanawe, Wang Xianzhi, alikuwa pia mwandishi hodari.

Barua

Barua hizo ni za mambo ya kawaida: ugonjwa, hali ya hewa, misiba. Moja inasindikiza zawadi ya machenza 300, ikieleza kwamba jalidi haijaanguka, hivyo mengine hayakupatikana. Nyingine ni nzito: makaburi ya wazee wake huko kaskazini yalikuwa yamevunjwa tena, yakatengenezwa, naye hakuweza kwenda. Aliandika kwa brashi, haraka, na mstari hubadilika pamoja na hali ya moyo wake. Ndicho wasomaji walichokipenda, pengine kuliko maneno yenyewe.

Kaisari Taizong wa nasaba ya Tang (alitawala 626 - 649) alikusanya kazi zake na kuagiza zinakiliwe. Wanakili waliweka karatasi nyembamba juu ya barua, wakachora ukingo wa kila mstari, kisha wakajaza wino ndani. Inasemekana kaisari alizikwa na dibaji ya Lanting. Barua halisi zilipotea. Nakala ndizo zilizodumu.

Barua ya makaburi imehifadhiwa Japani. Ile ya machenza iko katika Makumbusho ya Ikulu mjini Taipei, pamoja na barua fupi sana ya salamu baada ya theluji. Hiyo ya mwisho Kaisari Qianlong aliipenda mno katika karne ya 18, hata akaizungushia mihuri na maandishi yake mwenyewe, mengi kuliko barua yenyewe.